Mgeni Rasmi wa Ngome ya Tewa

Katika nchi ninayoisimulia, mkubwa hufika mwisho. Hiyo ni sheria, na imeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa Katiba, juu ya ibara inayotaja mipaka ya nchi. Chanzo chake kinajulikana. Siku ya uhuru, Mkuu wa kwanza wa Nchi alichelewa kufika uwanjani kwa sababu ya tumbo la kuendesha. Bendera ilingoja, bendi ilingoja, mabalozi walingoja juani mpaka mmoja wao akazimia. Alipofika hatimaye, akiwa amekonda kidogo, watu walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia kitu chochote. Wataalamu walilichunguza jambo hilo na kuhitimisha kwamba shangwe ile ilitokana na kungoja. Tumbo halikutajwa katika ripoti yao.

Tangu hapo mambo yamepangika. Katika kila shughuli mdogo hutangulia, aliye mkubwa kidogo hufuata, na mgeni rasmi hufika wa mwisho kabisa. Hakuna linaloanza kabla hajafika, na hakuna anayeondoka kabla hajaondoka. Hospitalini, daktari bingwa hufika baada ya mgonjwa, baada ya wauguzi, na mara nyingi baada ya jamaa wa marehemu. Kikosi cha zimamoto kinasifiwa hata na nchi jirani kwa nidhamu yake: mkuu wa kikosi hajawahi kuukuta moto.

Sheria hii inasimamiwa na Idara ya Itifaki. Mkurugenzi wake wakati wa mambo haya alikuwa Bwana Lusewa, mtu mpole, mwembamba, aliyetembea polepole hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwenye harusi yake alifika siku ya pili, na mkwewe akaridhika kwamba binti amepata mtu.

*

Vita na nchi ya Ng'ambo vilitokana na Ngome ya Tewa. Watu wa Ng'ambo walidai ni yao kwa kuwa babu zao ndio walioijenga. Sisi tulidai ni yetu kwa kuwa babu zetu ndio waliobebeshwa mawe. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, kwa hiyo haikubaki njia ila vita.

Msomaji anahitaji kujua jambo moja tu la jiografia. Ngome imesimama juu ya mwamba, mbali kidogo na ufuko wa mikoko. Maji yakipwa, njia ya mchanga na mawe hujitokeza kutoka kwenye mikoko hadi mlango wa ngome, na mtu anaweza kwenda kwa miguu bila kulowesha viatu. Maji yakijaa, njia hiyo hutoweka, na meli kubwa zinaweza kuvuka fungu la mchanga lililo mbele na kutia nanga chini ya kuta. Yakipwa, ngome ni ya waendao kwa miguu. Yakijaa, ni ya meli. Hakuna saa ambayo ni ya wote wawili.

Ndani yake ilikuwamo kombania moja ya askari wetu chini ya Luteni Pazi Ngoliga. Manowari za Ng'ambo ziliingia kila maji yalipojaa, zikapiga mizinga, na zikatoka kabla hayajapwa. Watu wa Ng'ambo hawana adabu. Walifika mapema na kuanza bila kumngoja mtu yeyote. Katika siku za mwanzo kombora moja lilipasua birika kuu la maji ya kunywa, na kombania ikabaki na mitungi michache iliyokuwa jikoni. Luteni Pazi aliripoti hivyo kwa redio na kuomba msaada.

Ombi lake lilipokewa kambini na Koplo Siwema Ngoliga, fundi wa redio wa Jenerali. Siwema alikuwa dada yake wa kuzaliwa naye tumbo moja, na yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliliandika ombi kwa herufi kubwa, akalipeleka.

*

Baraza la Vita lilikutana. Jeshi la nchi kavu liliongozwa na Jenerali Ndelwa, na jeshi la majini na Admeri Bwanaheri. Mkutano ulichelewa kuanza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje ya jengo, akiangalia kama mwenzake ameshashuka. Bwana Lusewa alilitatua kwa kuwaingiza kwa milango miwili tofauti huku taa zimezimwa.

Wote wawili walikuwa wamesoma vyuo vya kijeshi nje na waliijua historia vizuri. Jenerali alieleza mapigano ya Tanga ya mwaka 1914, ambapo jeshi kubwa lililoletwa na meli lilishindwa na jeshi dogo lililokuwa nchi kavu. Kabla ya askari kushushwa, nahodha wa manowari ya Waingereza alitangulia pwani kuwaarifu wenyeji wake kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha. Wanahistoria wengi wanakiona kitendo hicho kuwa sababu mojawapo ya kushindwa. Jenerali pia alikiona hivyo. Kosa la nahodha, alisema, ni kufika wa kwanza.

Admeri alijibu kwa Ngome ya Mombasa. Wareno walizingirwa humo karibu miaka mitatu, na kikosi cha mwisho cha msaada kutoka Goa kilifika Desemba ya mwaka 1698, siku chache baada ya ngome kuanguka. Katika historia yote ya bahari, alisema, hajasoma habari za kufika kuzuri zaidi ya kule.

Wajumbe walipiga makofi mara mbili, mara moja kwa kila jeshi, na makofi yalipimwa yawe sawa.

Swali lililobaki lilikuwa nani atakuwa mgeni rasmi wa ukombozi wa ngome. Mkuu wa Nchi, ambaye hajawahi kuonekana mahali popote tangu achaguliwe na kwa sababu hiyo ukubwa wake hautiliwi shaka, alituma neno kwamba wote wawili ni wageni rasmi na wako sawa. Kwa hiyo kila mmoja alipata haki kamili ya kufika baada ya mwenzake.

Ndipo mtu fulani alipokumbusha habari ya maji. Yakipwa, Jenerali atatangulia. Yakijaa, Admeri atatangulia. Bwana Lusewa alifumba macho kwa muda, kisha akatoa uamuzi ambao hadi leo unafundishwa katika Idara yake. Wote wafike maji yakiwa nusu.

Siwema alipeleka uamuzi huo ngomeni. Pazi alijibu kwamba maji yakiwa nusu, njia humfika mtu kifuani, na fungu la mchanga haliwezi kupitisha manowari yoyote. Idara ilimshukuru kwa maoni yake. Ilieleza kwamba maji nusu yamechaguliwa kwa ajili ya usawa, wala si kwa ajili ya kupita. Mwisho ilimwarifu kwamba kuanzia saa hiyo kombania yake imeteuliwa kuwa Kamati ya Mapokezi, na kwamba kama ilivyo kwa kamati zote za mapokezi, haitaondoka kabla wageni rasmi hawajafika, hawajahutubia na hawajaondoka. Adhabu ya kuondoka mapema ilikuwa kupigwa risasi. Jenerali alipanga kikosi kidogo mwisho wa njia kwa kazi hiyo, na kukisisitizia kiwe na heshima.

*

Operesheni ilifanyika mara moja. Maji yalipofika nusu, Jenerali alitanguliza safu za mbele na Admeri akatanguliza manowari mbili. Askari waliingia hadi kifuani, manowari zikakwama mchangani. Wakatazamana hivyo mpaka maji yakaamua yenyewe. Baadhi ya askari walizama, na mabaharia kadhaa walioshuka kuzisukuma meli wakazama pia. Kwa kuwa walizama kwa wakati mmoja, tukio hilo liliandikwa kuwa mfano wa kwanza wa ushirikiano kamili wa majeshi yetu ya nchi kavu na majini.

Baada ya hapo majeshi yote mawili yalirudi nyuma kungojana. Jenerali alikaa kambini kwenye mikoko akiwa na darubini iliyoelekezwa kwa Admeri. Admeri alitia nanga nyuma ya kisiwa akiwa na darubini iliyoelekezwa kwa Jenerali. Ngome ilikuwa katikati, chini kidogo ya usawa wa darubini zote mbili.

Maandalizi hayakusimama. Idara iliagiza Kamati ya Mapokezi isimike turubai, ipange meza kuu na iandae wimbo. Pazi alitekeleza. Aliripoti kwamba turubai jeupe juu ya ngome limewasaidia sana wapiga mizinga wa Ng'ambo, ambao awali walikuwa wakikosea. Idara ilifurahi kusikia kwamba turubai linaonekana toka mbali.

Wimbo uliongozwa na askari mmoja, Tindwa, aliyekuwa na sauti nzuri na koo kavu. Alipigwa na kipande cha kombora wakati wa mazoezi, katika ubeti wa pili. Pazi aliuliza kama anaweza kumweka mwimbaji mwingine. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: inaruhusiwa, mradi sauti zifanane.

Walimzika nyuma ya viti. Wengine walifuata, baadhi kwa makombora na baadhi kwa kiu, na nyuma ya viti pakaanza kujaa.

"Tewa, Idara inauliza meza kuu ina viti vingapi," Siwema alisema siku moja kwenye redio.

"Vilikuwa saba. Sasa vitatu, kimoja kina miguu mitatu."

"Wanasema wageni rasmi ni wawili."

"Basi vinatosha. Dada, maji je?"

"Maji hayamo kwenye ratiba."

Kutoka kwenye hema lake Siwema aliiona njia yote, nyeupe, kavu, kutoka miguuni pake hadi mlango wa ngome. Bahari ilikuwa imepwa na meli za Ng'ambo zilikuwa mbali. Mtu angeweza kutembea mwendo wa kwenda sokoni akarudi.

"Njia iko wazi, Pazi. Naiona. Hata kaa wanapita."

"Kaa si kamati ya mapokezi," alijibu Pazi.

Baadaye kidogo akaongeza kwamba mtungi uliobaki ni mmoja, na kwamba hasemi hivyo kwa kulalamika, anasema ili iandikwe.

*

Siwema hakuwa na cheo cha kumshauri Jenerali. Alikuwa na cheo cha kumpelekea chai, kwa kuwa redio na birika la chai vilikaa katika hema moja. Asubuhi iliyofuata alimpelekea, akasimama.

"Bwanaheri yuko wapi?" Jenerali aliuliza bila kutoa jicho kwenye darubini. Alikuwa anauliza hivyo kila asubuhi.

"Bado nyuma ya kisiwa, afande. Ila nimesikia kwenye redio kwamba huenda asije kabisa."

"Asije?"

"Atatuma mwakilishi, afande. Ndivyo wanavyosema mabaharia."

Jenerali alikiacha kikombe. Mtu yeyote aliyelelewa nchini mwetu ataelewa kilichompata. Anayefika mwisho ni mkubwa, lakini asiyefika kabisa, akaleta salamu kwa kinywa cha mwingine, ni mkubwa zaidi, na hakuna mwenye uwezo wa kufika baada yake. Jenerali alikuwa amekaa wiki nzima akipigania nafasi ya pili.

"Anamtuma nani?"

"Msaidizi wake, afande."

"Mimi namtuma meja," alisema Jenerali. "Waambie."

Siwema aliwaambia. Admeri, ambaye hadi dakika hiyo hakuwa na wazo la kumtuma mtu yeyote, alitambua kwamba amepitwa, akajibu mara moja kwamba atamtuma luteni. Jenerali akasema sajini. Admeri akasema baharia wa kawaida. Ukubwa wa mtu hupimwa kwa udogo wa anayemwakilisha, na kufikia adhuhuri majeshi yote mawili yalikuwa yameshuka hadi chini ya ngazi. Mwishowe Admeri alimteua mpishi wa manowari yake, mzee aitwaye Ngwale, ambaye hakuwa mwanajeshi hata kidogo.

Jenerali alitazama huku na huku hemani. Hakuwa na mpishi, maana mpishi wake alikuwa kapteni.

"Wewe," alimwambia Siwema. "Una cheo?"

"Koplo, afande."

"Vua."

Siwema alivua tepe zake, akaziweka mezani kando ya kikombe. Jenerali akamkabidhi hotuba.

*

Hotuba hiyo Jenerali alikuwa akiiandika tangu alipokuwa chuoni. Ilihusu historia ya ushirikiano wa majeshi ya nchi kavu na ya majini, ikianzia Ugiriki ya kale, na ilikuwa nene kama mkate. Itifaki inataka hotuba ya mgeni rasmi isomwe yote na isikilizwe yote. Jenerali aliagiza zaidi ya hapo. Redio ya ngomeni iachwe wazi, ili naye aisikilize kutoka kambini, kwa kuwa hajawahi kupata nafasi ya kujisikiliza.

Siwema alivuka maji yakiwa yamepwa kabisa. Mlangoni alipokewa kwa wimbo. Waliosimama kuimba hawakuzidi nusu ya kombania aliyoijua, na sauti zao zilitoka kama mchanga unaomwagwa. Pazi alimpigia saluti. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Karibu, mgeni rasmi," alisema.

"Umekonda," alisema Siwema.

Alikuwa amebeba dumu la maji mgongoni, ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Walikunywa kwa zamu, bila kugombana, kama watu wanaopokea dawa.

Mpishi Ngwale alifika baadaye kidogo, akiburuta kidau chake kwenye matope na kuyalaani. Alisema ameacha sufuria ya wali motoni na kwamba mtu aliyemwachia hajui hata chumvi. Akaketi kwenye kiti chenye miguu mitatu, akainuka, akaketi kwenye kingine.

Mdogo huhutubia kwanza, mkubwa mwisho. Siwema aliogopa mabishano.

"Anza wewe, mzee," alimwambia.

"Admeri anawasalimu," alisema Ngwale. "Hotuba imeloa." Akaketi.

Wakapiga makofi. Siwema akafungua ukurasa wa kwanza.

Alisoma Wagiriki. Alisoma Waajemi, na namna jeshi linavyokufa njaa meli zake zikipigwa. Alisoma kwa haraka kadiri alivyoweza, lakini redio ilikuwa wazi, na alipomeza sentensi moja kuhusu makasia, sauti ya Jenerali ilitoka humo ikamwomba airudie. Hakuwa amefika robo alipoona kwamba mawe ya pembeni mwa njia yameanza kulowa. Maji yalikuwa yanarudi, na maji yakijaa, meli za Ng'ambo zingerudi nayo.

Alimtazama Pazi. Pazi aliyatazama maji, akazitazama kurasa zilizobaki. Siwema alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Tuondoke."

"Hotuba haijaisha. Ukiondoka kabla ya kumaliza, hukuhutubia. Usipohutubia, hukufika. Na usipofika, sisi tumetoroka. Wale pale mwisho wa njia watafanya kazi yao."

"Sheria inasema tukae hapa?"

"Inasema tusiondoke kwenye shughuli."

"Basi shughuli itembee," alisema Siwema.

Pazi alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni, na alizipitia zote kichwani, moja moja, maji yakipanda. Hakuona iliyokataza.

Akaamuru redio ibebwe mgongoni. Majeruhi wakakalishwa kwenye viti viwili vizima vya meza kuu, kila kiti kikainuliwa na watu. Siwema akaondoa kiganja, akaendelea na aya ileile, na Kamati ya Mapokezi ikatoka ngomeni nyuma ya mgeni wake rasmi, ikisikiliza. Mpishi Ngwale aliwaangalia mpaka kidau chake kilipoelea, akakumbuka wali wake, akaenda.

Walipokuwa robo ya njia maji yalikuwa magotini, na Siwema alikuwa amefika kwenye zama za merikebu za matanga. Yalipofika kiunoni alikuwa anasoma kwamba siri ya ushindi ni jeshi kuizoea bahari. Aliziinua kurasa juu ya kichwa, akasoma akitazama juu. Yalipofika kifuani, yakiwa nusu kamili kama Bwana Lusewa alivyoagiza, wimbi lilipita na kiti kimoja kikawaponyoka waliokibeba. Aliyekuwa amekikalia alikuwa amefungwa bandeji miguu yote miwili. Alionekana mara moja, kisha hakuonekana. Siwema alifika mwisho wa sentensi, akavuta pumzi, akaanza inayofuata. Sauti yake, kama Jenerali alivyosimulia baadaye kwa kuridhika, haikukatika hata mara moja.

*

Aliisoma aya ya mwisho akipanda kutoka majini. Kikosi kilichowekwa mwisho wa njia kiliinua bunduki, kikasikia hotuba ya Jenerali, kikazishusha na kusimama wima. Walipita katikati yake.

"Asanteni kwa kunisikiliza," Siwema alisoma mlangoni mwa hema.

Jenerali alifumbua macho. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, redio pembeni. Mbele yake walisimama watu waliotota, ambao ndio kwanza wamefika.

Kambi nzima iliona jambo lile kwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jenerali alikuwa pale muda wote. Alikuwa amefika siku nyingi kabla yao. Wao walikuwa wa mwisho. Askari wa brigedi, kwa mazoea ya maisha yao yote, wakainuka mmoja mmoja kutoka walipokuwa wameketi, wakasimama kwa heshima. Jenerali mwenyewe aliinuka nusu kabla hajakumbuka yeye ni nani. Akabaki hivyo, magoti yamekunjwa, wala hakukaa wala hakusimama.

Bwana Lusewa aliitwa. Alikuja baada ya siku kadhaa, na kwa siku hizo Jenerali hakuonekana nje ya hema. Mkurugenzi alisikiliza pande zote. Kwa upande mmoja, kombania haikuvunja kanuni yoyote. Kwa upande mwingine, kama imefika, basi luteni mmoja na watu wake ni wakubwa kuliko jenerali, na nchi haiwezi kuendelea hivyo. Aliamua kwamba haijafika. Kwa mujibu wa kumbukumbu za taifa, Kamati ya Mapokezi ya Ngome ya Tewa ingali njiani. Mtu yeyote ndani yake atakayejitokeza rasmi kuwa amefika atahojiwa kwanza aliondokaje ngomeni.

Wakaambiwa wanaweza kwenda nyumbani, mradi wasifike. Siwema aliuliza habari ya tepe zake. Akajibiwa kwamba mwakilishi hana cheo.

Watu wa Ng'ambo waliingia ngomeni maji yalipojaa, wakakuta kiti chenye miguu mitatu. Wapo humo hadi leo. Serikali ilitangaza kwamba operesheni imefanikiwa, kwa kuwa wageni rasmi wote wawili waliwakilishwa ipasavyo.

*

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, watu hukusanyika uwanja mkuu. Jenerali huwa pale, siku hizi akiwa mzee na fimbo. Admeri alifariki, na mazishi yake bado yanamngoja Mkuu wa Nchi. Mbele, kwenye meza kuu, kuna safu ya viti vilivyofunikwa kitambaa cheupe, vya Luteni Pazi na watu wake. Kwa kuwa hakuna nchini mtu aliyechelewa kama wao, wao ndio wageni rasmi, na hakuna linaloweza kuanza kabla hawajafika. Watu huketi tangu asubuhi. Bendi hushika vyombo bila kuvipiga. Jua likizama, Idara hutangaza kwamba shughuli haijafutwa, imeahirishwa, na itaendelea mwaka unaofuata kutoka pale ilipoishia, yaani kabla ya mwanzo.

Mwaka jana Pazi na dada yake waliketi nyuma kabisa, kwenye nyasi, kama kawaida yao. Siwema ana ugonjwa wa miguu sasa na hapendi kukaa chini.

"Nenda ukakae pale," alimwambia. "Waanze, wamalize, twende zetu."

"Nikikaa pale nitakuwa nimefika."

"Na wewe mpaka lini?"

Jua lilikuwa kali. Kule mbele, Jenerali alikuwa amevua kofia, akaivaa, akawa anageuza shingo kutazama lango la uwanja, ambalo lilikuwa wazi na halikuwa na mtu. Midomo yake ilikuwa inakauka. Alimwita msaidizi wake, akamnong'oneza kitu, na msaidizi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akimwonyesha ratiba.

Siwema alitoa chupa ya maji kwenye mkoba akampa mdogo wake. Pazi alikunywa taratibu, akafunga kizibo, akairudisha.